Si "Ziwa Tu": Mbio za Matanga za Chicago hadi Mackinac na Somo Lake Kwetu



Mwezi uliopita basi letu la kutoka Nairobi kwenda Mombasa lilisimama Malili, tukashuka kunywa chai. Malili ni bara kavu. Ukitazama huku na huku waona vumbi, migunga na majengo ya Konza yanayoinuka kwenye ile ardhi ya ekari 5,000 iliyokuwa ya ranchi. Kijana aliyetuuzia chai alikuwa na simu mkononi, akitazama mashua zenye matanga marefu zikikimbizana.

"Ustadh, wewe ni mtu wa Pwani," akaniambia. "Hii ni bahari gani?"

Nikasoma maandishi. Haikuwa bahari. Lilikuwa Ziwa Michigan, Marekani.

Akacheka. "Kumbe ni ziwa tu! Basi hawa wanacheza."

Neno hilo lilinichoma. Binamu yangu alilisema vivyo hivyo mwaka aliotoka kwetu kwenda kuvua omena Ziwa Viktoria. Alikuwa mtoto wa bahari, aliyejua kushika shikio kabla ya kujua kusoma. Dhoruba ya usiku ilipindua chombo chao. Walikuwa wanne, na hakuna aliyevaa jaketi la kuokolea. Mungu amrehemu. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya kijana wa Malili, leo naeleza mbio hizo ni nini.

Mbio zenyewe

Mbio za Chicago hadi Mackinac (hutamkwa "Makino") huandaliwa na Chicago Yacht Club kila mwezi Julai. Zilianza mwaka 1898 kwa mashua tano tu. Za pili zilifanyika 1904, na tangu 1921 zimekuwa zikifanyika kila mwaka, isipokuwa 2020 zilipofutwa kwa sababu ya korona. Ni kati ya mbio kongwe na ndefu zaidi duniani zinazofanyika kila mwaka kwenye maji matamu.

Masafa yake ni maili 333, yaani takriban kilomita 536. Hiyo ni zaidi ya safari ya basi ya Mombasa hadi Nairobi, na yote kwa upepo. Mashua hutoka Chicago, kusini mwa ziwa, zikapanda kaskazini hadi kisiwa cha Mackinac, pale Ziwa Michigan linapokutana na Ziwa Huron. Mashua ya kawaida huchukua kama siku mbili na zaidi, usiku na mchana. Mabaharia hulala kwa zamu, wengine wakishika shikio na matanga.

Wengi wao ni wanaridhaa. Jumatatu hurudi kazini kwao kama wewe na mimi. Hawashindanii pesa, bali heshima. Aliyemaliza mbio hizo mara 25 huitwa "Mbuzi wa Kisiwani", jina la utani linalotokana na sura na harufu ya mtu aliyekaa chomboni siku kadhaa bila kuoga.

Na usidhani mwenye chombo kikubwa ndiye mshindi siku zote. Kila mashua hupimwa urefu, uzito na matanga yake, ikapewa kipimo cha muda. Wakifika, muda wao husahihishwa kwa kipimo hicho, na mashua ndogo iliyoendeshwa vizuri huweza kuishinda kubwa iliyotangulia kufika.

Kwetu Afrika, mbio zinazokaribia hizo zimewahi kufanyika Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Zilikuwa za zaidi ya kilomita 500, lakini ziliendeshwa kwa hatua: mchana matanga, usiku kulala ufukweni. Huko nako wanauogopa mwera, upepo mkali wa kusini unaochafua ziwa lile.

Kwa nini maji matamu yana hila

Sisi wa Pwani tumelelewa na kusi na kaskazi. Ni pepo zenye miezi yake, na wazee wetu walipanga safari na biashara kwa hizo. Ziwa halina adabu hiyo. Upepo wake hubadilika kwa joto la nchi kavu na baridi ya maji, na dhoruba ya radi huweza kuzuka jioni moja na kupita kabla ya alfajiri.

Mawimbi ya ziwa nayo huwa mafupi na yaliyosimama. Chombo hakijainuka vizuri kutoka wimbi la kwanza, la pili limeshafika. Tena maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi kwa kama asilimia 2.5, kwa hiyo hata mwogeleaji hodari huelea kwa shida zaidi kuliko alivyozoea baharini.

Usiku wa kuamkia Julai 18, 2011, dhoruba ya namna hiyo iliwakuta wanamashindano wa Mackinac kaskazini mwa ziwa, upepo ukizidi kilomita 90 kwa saa. Mashua iitwayo WingNuts, yenye watu wanane, ilipinduka. Mashua nyingine ya mashindano, Sociable, iliacha mbio ikaja kuokoa, ikawatoa sita. Wawili walifariki. Walikuwa watu wa kwanza kufa kwa ajali katika historia ya mbio hizo.

Uchunguzi uliofuata ulisema jambo ambalo fundi yeyote wa jahazi wa Lamu angelielewa. Mashua ile ilikuwa nyepesi, yenye mabawa mapana ya kukalia pembeni, na haikuwa na uthabiti wa kutosha kwa mbio kama zile. Wazee wetu hawakutweka tanga bila farumi ya kutosha ngamani. Mabaharia wale walikuwa wazoefu, na majaketi na mikanda walivaa. Chombo ndicho hakikufaa kwa dhoruba ile.

Linatuhusu vipi?

Kule Makueni, kwenye mpaka na Kitui, Bwawa la Thwake linajengwa pale Mto Thwake unapoingia Mto Athi. Limepangwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 600, na sehemu ya maji yake ipelekwe Konza. Siku litakapojaa, vijana wa Ukambani watapanda vyombo, kwa uvuvi, kwa kuvuka na kwa michezo. Wengi wao hawajawahi kuogelea.

Na sisi wa Pwani tusijivune. Mara ngapi tumeshangilia mashindano ya mashua na ngalawa, na katika mabaharia wote hatukuona jaketi hata moja?

Kabla basi halijapiga honi, nilimwachia kijana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kupanda chombo chochote: Hali ya hewa ya leo usiku imesemwaje? Kila mtu ana jaketi, na amelivaa? Chombo hiki kikipinduka, kitarudi au kitabaki juu chini?

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na kuogelea, Ustadh, hapa Malili nitajifunzia wapi?"

Sikuwa na jibu. Serikali za kaunti zinazongoja bwawa hilo lijae zimjibu, na zimjibu kabla halijajaa.