Pampu ya kutolea maji (mashine ya barafu ya nyumbani)

Pampu ya kutolea maji ni pampu ndogo ya umeme inayofungwa ndani ya baadhi ya mashine za barafu za nyumbani ili kuyapandisha maji ya mabaki hadi kwenye bomba la maji machafu lililo juu kuliko mashine yenyewe. Hukutwa zaidi kwenye mashine za barafu angavu, zile zenye upana wa sentimita 38 hivi zinazoingizwa chini ya kaunta ya jikoni. Mashine hizi zimezoeleka sana Marekani, ambako kampuni kama Scotsman, U-Line na KitchenAid zimeziuza kwa namna mbili: yenye pampu, na isiyo na pampu ambayo maji yake hushuka yenyewe kwa mteremko. Pampu ikifa, mashine nzima husimama. Lakini kwa kuwa inaweza kung'olewa na kufungwa nyingine bila kugusa mfumo wa gesi, kuibadilisha ni kazi ambayo mwenye nyumba aliye makini anaweza kuifanya bila kuita fundi wa friji.

Mashine ndogo za kuweka mezani hazina pampu hii. Maji yake hutolewa kwa kufungua kizibo. Kitengeneza barafu kilichomo ndani ya friji hakinayo pia. Isitoshe, mashine ya barafu angavu yenye pampu hii ina pampu mbili: ya pili huzungusha maji juu ya sahani ya baridi wakati barafu inagandishwa. Wanaoagiza vipuri kwa kutazama picha tu huzichanganya mara kwa mara.

Maji yanatoka wapi

Barafu angavu haigandishwi kwa kujaza maji kwenye trei. Maji hutiririshwa mfululizo juu ya sahani ya chuma iliyopozwa. Maji safi hutangulia kuganda, huku chumvi na viputo vya hewa vikichukuliwa na maji yanayoendelea kutiririka. Bamba la barafu likishapata unene unaotakiwa, gesi ya moto hupitishwa nyuma ya sahani, bamba huachia, huteleza na kuangukia wavu wa nyaya zenye joto unaolikata vipande vya mraba. Maji yaliyobaki kwenye trei ya chini humwagwa kabla ya mzunguko mwingine kuanza. Hayo ndiyo maji yanayoifikia pampu, na yana madini mengi kuliko yale yaliyoingia kutoka bombani, kwa sababu sehemu iliyo safi imeshakuwa barafu. Pampu hii, kwa hiyo, imepewa kazi ya kumeza kila kilichokataliwa na barafu.

Chanzo cha pili ni sanduku la barafu lenyewe. Katika mashine nyingi za aina hii sanduku halipozwi. Ni kasha lenye kizuia joto tu. Barafu huyeyuka humo polepole mchana na usiku, na maji yake hushukia kwenye pampu hata siku ambayo mashine haijatengeneza kipande kimoja. Wanunuzi wapya hudhani ni kasoro. Si kasoro: barafu inayoyeyuka kidogo kidogo haishikamani, na nafasi ya ile ya zamani huchukuliwa na mpya.

Pampu yenyewe ina kitangi kidogo cha plastiki, boya au swichi nyingine inayohisi kina cha maji, mota, na kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji. Kwenye mdomo wa kutokea pana vali inayozuia maji yaliyomo kwenye mpira wa kutolea yasirudi, na juu ya kitangi pana mpira mwembamba wa kupumulia hewa. Nyingi zimeundwa kuyapandisha maji hadi mita 3 hivi. Pana pia swichi ya pili, ya usalama, inayoizima mashine iwapo maji yamepanda kupita kiasi.

Dalili na chanzo chake

Mwenye mashine kwa kawaida huona mojawapo ya mambo matatu: mashine imeacha kutengeneza barafu ingawa taa yake inawaka, maji yamesimama chini ya sanduku na barafu imegandamana donge moja, au sakafu imelowa. Yote matatu huelekeza kwenye pampu, na hapo ndipo watu wengi hukimbilia kununua mpya. Ni haraka mbaya. Pampu hushutumiwa mara nyingi kwa makosa ya mpira, ya boya au ya uchafu.

Kipimo kizuri cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Mashine ikiwa kwenye umeme, mimina lita chache za maji ndani ya sanduku la barafu, kisha sikiliza. Pampu ikinyamaza, huenda umeme haufiki, boya limenaswa na ute, au koili ya mota imeungua. Huenda pia mpira wa hewa umeziba: hewa iliyofungiwa kitangini huyazuia maji yasiingie, sanduku likajaa huku pampu nzima ikikaa kimya kwa kuwa haijaona maji. Hii huwahadaa hata mafundi. Pampu ikinguruma bila kusukuma, kigurudumu cha mapanga kimekwama, aghalabu kwa chokaa. Ikizunguka vizuri na maji hayatoki, kagua mpira wa kutolea kama umejikunja nyuma ya mashine au umezibwa na utando. Na ikiwa inawaka, inazima, kisha muda mfupi baadaye inawaka tena bila maji mapya kuingia, vali imechoka na maji ya mpirani yanarudi kitangini.

Adui wawili wa pampu ni chokaa na ute. Chokaa ni ukoko mweupe ule ule unaoonekana ndani ya birika, na huwatesa zaidi wanaotumia maji magumu, kama ya visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe Zanzibar na Mombasa. Ute ni utando wa bakteria na kuvu unaostawi penye maji na giza. Ukiondoa pampu na kuukuta ute huo ndani ya kitangi, ujue umo pia kwenye mpira na kwenye mfereji wa sanduku. Kufunga pampu mpya bila kuvisafisha ni kuinunulia mpya ugonjwa wa ile ya zamani.

Koili hupimwa kwa multimita, plagi ikiwa imechomolewa. Isipoonyesha njia yoyote ya umeme kati ya ncha zake mbili, imekatika na pampu haiponi. Ikionyesha njia, safisha kwanza, jaribu tena, ndipo uamue.

Kubadilisha

Mashine huzimwa, plagi ikachomolewa ukutani, na koki ya maji yanayoingia ikafungwa. Kuzima kwa kitufe peke yake hakutoshi, kwani pampu nyingi hubaki na umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Zimetengenezwa hivyo makusudi ili ziendelee kutoa maji ya barafu inayoyeyuka. Barafu yote hutolewa. Mashine huvutwa polepole kutoka chini ya kaunta, jicho likiwa kwenye mabomba membamba ya shaba yaliyo nyuma: yakikunjwa au kutobolewa, kazi ya pampu imegeuka kazi ya gesi, na baadhi ya mashine za miaka ya karibuni hutumia gesi ya R600a inayoshika moto.

Pampu hukaa nyuma, chini, ndani ya kifuniko cha bati kinachoshikwa na skrubu. Kabla ya kuchomoa kitu, piga picha ya nyaya na mipira kwa simu. Weka beseni na matambara, maana kitangi huwa na maji hata kikionekana kikavu. Vibano vya mipira hubanwa kwa koleo na kusogezwa nyuma; mpira uliogandia kwenye plastiki huzungushwa kwanza ndipo uvutwe, la sivyo mdomo wa pampu huvunjika. Mipira ni mitatu: wa kuingizia, wa kutolea na wa hewa. Kisha nyaya za umeme huchomolewa, pamoja na waya wa ethi.

Pampu mpya ilingane na ya zamani kwa volti, kwa mzunguko wa umeme (hezi), kwa upana wa midomo na kwa mpangilio wa swichi ya usalama. Namba ya kipuri hutafutwa kwa namba ya modeli iliyobandikwa ndani ya mashine. Mipira iliyokakamaa au kupasuka ibadilishwe papo hapo. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu wa kuirudia kazi. Mpira wa hewa ushikizwe ukielekea juu, usilale wala usikunjwe.

Jambo linalostahili kukemewa ni desturi ya kuunganisha nyaya za swichi ya usalama moja kwa moja ili mashine iwake. Mashine itawaka kweli. Siku pampu itakapogoma itaendelea kutengeneza barafu na kumwaga maji sakafuni, penye plagi na makabati ya mbao. Fundi anayefanya hivyo hajatengeneza kitu.

Mwisho wa mpira wa kutolea usitumbukizwe ndani ya maji machafu. Huachwa nafasi ya hewa ya angalau milimita 25 juu ya ukingo wa mdomo wa bomba la kupokelea, ili maji machafu yasifyonzwe kurudi kwenye chombo cha chakula. Baada ya hapo maji humiminwa tena sandukuni mara mbili tatu, pampu ikatazamwa ikiwaka na kuzima yenyewe, na kila kiungo kikapanguswa kwa karatasi kavu ili kuona kama panavuja. Kifuniko hurudishwa mwishoni kabisa.

Mashine ikishapona, safisha mfumo wote kwa dawa ya kuondoa chokaa inayoruhusiwa na kitabu chake, kwa sababu sahani zilizopakwa nikeli huharibiwa na asidi kali. Dawa ya klorini ya kuua vijidudu itumike peke yake baada ya kusuuza. Ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu. Barafu ya mizunguko ya kwanza baada ya usafi hutupwa.

Umeme wa hezi 50

Mashine nyingi za barafu angavu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 115 na hezi 60. Kenya na Oman hutumia volti 240, Tanzania volti 230, na zote hezi 50. Aliyesafirisha mashine yake kwa kontena hununua transfoma na kudhani shida imekwisha. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota ya pampu huzunguka kwa takriban sehemu tano kati ya sita za kasi yake, na kwa kuwa nguvu ya kupandisha maji hufuata mraba wa kasi, pampu ya mita 3 hubaki na uwezo wa mita 2 na ushee, tena ikiwa ya moto zaidi. Kwa mashine kama hiyo, pampu ya nje iliyotengenezwa kwa umeme wa nchi ni afadhali kuliko kipuri halisi, mradi swichi yake ya usalama iunganishwe ipasavyo na fundi umeme.

Umeme ukikatika, pampu ya aina yoyote haifanyi kazi, wala barafu haingoji. Sanduku lenye kilo 11 za barafu litatoa lita 11 za maji, na kitangi hakiwezi kuyapokea. Ukatikaji ukirefuka, toa barafu mapema.

Kabla ya kulipia pampu mpya, angalia kama jikoni kuna kitundu cha maji sakafuni karibu na mashine, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Modeli kadhaa huruhusu pampu iondolewe na mpira ushushwe moja kwa moja, ukiteremka sentimita 2 kwa kila mita. Penye nafasi hiyo, hakuna sababu ya kufunga pampu nyingine.