Tsurumi: mto uliorudishiwa nafasi yake

Katika vilima vya Oyamada, mjini Machida, magharibi mwa jiji la Tokyo, kuna chemchemi inayobubujika mvua inyeshe isinyeshe. Hapo ndipo unapoanzia Mto Tsurumi. Si mto mrefu: hukata kilomita 42.5 tu, ukipita Yokohama na Kawasaki, hadi Ghuba ya Tokyo. Bonde lake, lenye kilomita za mraba 235, lina umbo la tapiri, mnyama ambaye Wajapani humwita baku, na wapenzi wa mto wamemfanya kuwa nembo yao.

Jina la Tsurumi huandikwa kwa alama mbili: korongo, na kutazama. Lakini waliokaa kandokando yake waliupa jina chungu zaidi, abaregawa, yaani mto mkorofi. Sehemu ya chini ni tambarare na mkondo umejipindapinda, kwa hiyo maji yakijaa hukawia kufika baharini.

Septemba 1958, Kimbunga cha Kanogawa kilipopiga, nyumba zaidi ya 20,000 ziliingiwa na maji katika bonde hili. Wakati huo sehemu moja tu kati ya kumi ilikuwa mji. Kwingine kote kulikuwa misitu, mashamba na majaruba ya mpunga. Kisha uchumi ukapaa, vilima vikasawazishwa, na leo zaidi ya asilimia 80 ya bonde ni makazi ya watu wanaokaribia milioni mbili. Mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo na kutuama majarubani sasa huteleza juu ya lami na mapaa, na kuingia mtoni kwa mkupuo mmoja. Mafuriko yalirudi mwaka 1966, 1976 na 1982.

Kuinua kuta za mto peke yake kusingetosha. Tangu miaka ya 1980, serikali kuu na miji ya bondeni zimeutibu mto kuanzia juu hadi chini: kuchimba mkondo, kulinda misitu iliyosalia, na kujenga mabwawa madogo kwa maelfu ili maji yasubiri zamu yake. Na huko Kohoku, Yokohama, mto ulipewa uwanda mzima. Kipande cha tuta kimejengwa kifupi kwa makusudi. Maji yakifikia kimo chake humwagikia uwandani, penye nafasi ya mita za ujazo milioni 3.9. Siku za kawaida ni bustani na viwanja vya michezo. Humo humo umesimama, juu ya nguzo, uwanja mkubwa uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2002.

Mtihani ulikuja tarehe 12 Oktoba 2019, kwa Kimbunga Hagibis. Maji yalivuka tuta, yakafunika bustani na kuuzingira uwanja. Kiasi cha mita za ujazo 940,000 zilihifadhiwa hapo badala ya kuingia majumbani. Kesho yake jioni, katika uwanja ule ule, Japani iliifunga Scotland 28 kwa 21 na kuingia robo fainali ya Kombe la Dunia la Raga kwa mara ya kwanza.

Viumbe nao wana ushahidi wao. Mto huu uliwahi kuwa miongoni mwa mito michafu kabisa nchini, kwa majitaka ya nyumbani. Mitambo ya kuyasafisha ilipoenea, uhai ukarejea. Mwaka 2002 sili mmoja mwenye ndevu, aliyepewa jina la Tama-chan, alipotoka Mto Tama alipiga kambi hapa kwa muda, na watu wakajaa kingoni kumtazama. Majira ya kuchipua, samaki wadogo waitwao ayu hupanda kutoka baharini. Mdiria naye hutulia juu ya tete, macho majini, kisha hujitupa kama jiwe la buluu na kuibuka na kisamaki mdomoni.

Mto ulioitwa mkorofi ulikuwa umenyang'anywa pa kupumzikia. Uliporudishiwa uwanda wake, ulikaa humo kwa muda, kisha ukaendelea na safari yake ya baharini.