Kuchaji Gari Nyumbani Pugu: Kabla ya Soketi Kuna Nguzo

Kufunga soketi ya kuchajia gari la umeme nyumbani ni shilingi ngapi? Kwa mtu wa Pugu, jibu linaanzia mbali kidogo, mwaka 1908.

Mwaka huo utawala wa Wajerumani ulianzisha huduma ya kwanza ya umeme Dar es Salaam. Ilihudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni, basi. Reli ilikuwa imeshapita Pugu na kufika Morogoro mwaka 1907, lakini kwa treni za mvuke. Umeme wenyewe ulibaki mjini.

Mwaka 1931, chini ya Waingereza, huduma ilikabidhiwa kampuni binafsi mbili: DARESCO kwa Dar es Salaam na miji ya kando ya reli ya kati, na TANESCO kwa upande wa Tanga. Hapa ndipo hesabu tunayoijua ilipokomaa. Mfanyabiashara huvuta waya kuelekea waliko wateja wengi wenye fedha. Nguzo tano za kufikia nyumba mbili hazirudishi gharama upesi. Serikali ilianza kununua hisa mwaka 1964 na kufikia 1975 ikamiliki zote, lakini swali likabaki palepale: waya wa kufika kwako alipe nani?

Angalia bei za kuunganishiwa. Kuna kipindi 27,000 ya vijijini ilitumika hadi mijini. Januari 2022 mteja wa mjini asiyehitaji nguzo akarudishwa kwenye shilingi 320,960. Nguzo moja ikawa 515,618 na mbili 696,670. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa ndani ndani, mbali na laini, inaweza kulipa zaidi ya mara mbili kabla hata fundi hajafungua boksi la vifaa.

Sasa tuingie ndani. Chaja ya ukutani ya ampea 32 kwa volti 230 huvuta kilowati 7 na ushee, sawa na pasi saba zikiwashwa pamoja. Inataka waya mnene, laini yake peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, sakiti breka yake na ethi ya uhakika. Kila mita kutoka mita ya LUKU hadi unapoegesha inaongeza bei.

Lakini je, unaihitaji? Nissan Leaf za mwanzo zenye betri ya kilowati-saa 24 hupokea kilowati 3.3 tu zikichajiwa nyumbani. Chaja kubwa haitaziharakisha. Laini ya pekee yenye ampea 10 itajaza betri tupu kwa saa 11 hivi, yaani usiku mmoja. Kwa bajaji au pikipiki ya umeme, ni muda mfupi zaidi. Usibane tu matumizi hadi ukachomeka kwenye ekstensheni: mzigo wa saa nyingi mfululizo huchemsha waya mwembamba. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kuna gharama nyingine iliyojificha. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa D1 hulipa kama shilingi 122 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Kujaza Leaf mara tatu tu ni uniti 72, na bado hujawasha friji. Ukihamia T1, uniti ni kama 356, hivyo kujaza mara moja ni takriban 8,550.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inapita Pugu, na waya wake umejengwa kwa fedha za umma. Dereva wa bajaji anayekaa nguzo mbili kutoka kwenye laini bado anajivutia mwenyewe. Tukisema tunataka usafiri wa umeme, mjadala usiishie kwenye bei ya gari na ushuru wake. Uzifikie na zile nguzo mbili.