Mshahara, Posho na Makato



Nataka kuzungumza nanyi habari za mshahara wa mtumishi wa serikali, jinsi ulivyopangwa tangu zamani na jinsi unavyokatwa. Nimeyachagua mazungumzo haya kwa ajili ya mzee mmoja wa Naipingo, huku kwetu Nachingwea. Mwanawe ni mwalimu. Mwaka 2022 mzee alisikia kwamba kijana ameandikiwa shilingi 800,000 kwa mwezi, naye kijana akasema kwamba apokeacho ni 532,000 tu. Mzee hakusadiki. Alidhani mtoto anamficha fedha, na kwa miezi kadha wa kadha hawakusemezana vema. Hata siku moja wakaja kwangu wote wawili na karatasi ya mshahara, mzee akaniambia, "Mwalimu, nisomee wewe."

Kwanza nilimweleza maneno yenyewe. Mshahara ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mwezi. Basi ujira wa siku si mshahara. Posho nayo hapo zamani haikuwa fedha. Katika misafara iliyotoka Kilwa na Lindi kwenda bara, posho ilikuwa chakula cha mpagazi, kibaba cha nafaka kwa siku. Mzee akacheka, akasema kumbe ndiyo sababu posho huliwa upesi.

Zamani za Waingereza, yaani tangu mwaka 1926, machifu na majumbe walianza kuandikiwa mshahara katika hazina za wenyeji, badala ya kupokea ushuru wa watu wao kama desturi ya kale. Makarani na walimu walikuwa na mashaka yao mengine. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba aliwakusanya watumishi Waafrika wa serikali katika chama chao cha kwanza, kwa kuwa mtu mmoja peke yake hawezi kumwuliza mkubwa wake habari za malipo.

Na yalikuwapo ya kuuliza. Mwaka 1947 Waingereza walituma tume, mkuu wake Sir Maurice Holmes, kuchungua mishahara ya watumishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Taarifa yake ilitoka mwaka 1948. Ilishauri kwamba asiye Mzungu, hata akishika kazi ile ile, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Fanyeni hesabu wenyewe: Mzungu akiandikiwa shilingi 1,000, Mwafrika au Mhindi huandikiwa 600, na bei ya nguo dukani ni moja kwa wote. Miaka ile ile ndipo mashine kubwa zilipokuwa ziking'oa miti hapa Nachingwea ili karanga zilimwe, na mwaka 1949 reli ikafika. Karanga ziliachwa mwaka 1951, na reli nayo haipo tena.

Zile tatu katika tano ziliondoka baada ya tume nyingine, ya Sir David Lidbury, iliyotoa taarifa mwaka 1954. Ilishauri mshahara uwe mmoja kwa kazi moja, bila kutazama rangi. Lakini tazameni kalamu ilivyopita: waliotoka ng'ambo waliongezewa posho ya kuwavuta waje kufanya kazi huku. Tofauti ilihama kutoka mstari wa mshahara ikaingia mstari wa posho. Kwa maoni yangu, asiyejua kuitenga mistari hiyo miwili hajajua kusoma karatasi yake.

Makato nayo yamepata kuleta ugomvi hata baada ya uhuru. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam, wakikataa amri kwamba katika muda wa kulitumikia taifa wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Sasa nirudi kwa karatasi ya yule kijana. Hesabu nimeisawazisha kidogo ipate kufuatika. Juu paliandikwa TGTS D, yaani daraja la mwalimu. Mwenye cheti huanzia B, wa stashahada C, na wa shahada D. Ndani ya kila daraja mna vidato vya nyongeza ya mwaka. Kupanda kutoka D kwenda E ni jambo jingine, huko ndiko kupandishwa cheo.

Katika zile 800,000 hutolewa kwanza asilimia 5 ya pensheni, ndizo 40,000. Kodi huhesabiwa katika 760,000 zilizobaki. Kwa viwango vya Julai 2021, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, yaani 20,000. Na 240,000 za mwisho asilimia 20, yaani 48,000. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani 24,000, na chama cha walimu asilimia 2, yaani 16,000. Lililo kubwa kuliko yote ni deni la mkopo wa masomo, asilimia 15, yaani 120,000. Makato yote ni 268,000.

Mzee alihesabu kwa vidole, akanyamaza. Nikamwonyesha yasiyoonekana katika fedha za mkononi: kwa pensheni ya kijana serikali hutia asilimia 15 juu yake, yaani 120,000 kila mwezi, na kwa bima hutia 3 nyingine. Nikamwambia pia kwamba posho ya kujikimu aliyopewa kijana alipokwenda Ruangwa kusimamia mtihani haimo katika hesabu ya pensheni, hata ingekuwa kubwa namna gani, kwa kuwa pensheni hufuata mshahara.

Mzee akaikunja karatasi, akamrudishia mwanawe. "Na hili deni la masomo," akamwuliza, "limebaki miaka mingapi?"