Kabla ya Kulipia Simu Janja na Intaneti ya Nyumbani

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliuza magunia mawili ya mahindi ili amnunulie binti yake wa kidato cha pili simu ya kujisomea. Alipewa kandokando ya barabara simu yenye boksi zuri, lililoandikwa hifadhi ya gigabaiti 512 na RAM ya gigabaiti 16, kwa shilingi 130,000. Wiki ya tatu simu ilianza kulalamika kuwa imejaa, na picha zilizokwisha kuhifadhiwa zikawa hazifunguki. Fundi alipoichunguza alikuta hifadhi ya kweli ni gigabaiti 8. Namba zile kubwa zilikuwa zimepandikizwa katika programu ya simu ili zionekane kwa mnunuzi. Muuzaji hakuonekana tena, na binti akarudi kuazima simu ya jirani.

Makala haya yanaandikwa kwa ajili ya familia za aina hiyo, ambazo shilingi laki moja au mbili ni jasho la msimu mzima, na ambazo zikikosea leo hazina fedha ya kurekebisha kosa kesho.

Hesabu ya bando hutangulia bei ya simu

Wengi wetu huenda dukani tukiwa na bei ya simu kichwani. Lakini simu hununuliwa mara moja, na bando hununuliwa kila wiki. Kaya inayotumia shilingi 10,000 kwa wiki hulipa shilingi 520,000 kwa mwaka, fedha ambayo mara nyingi huzidi bei ya simu yenyewe. Kwa hiyo ni vema familia ikae na kujiuliza kwanza: ni nani watakaotumia intaneti, kwa kazi gani, na kwa saa ngapi kwa siku?

Kazi hazilingani kwa uzito. Ujumbe wa maandishi ni mwepesi kiasi cha kutohesabika. Redio ya mtandaoni inayorushwa kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa. Video ya ubora wa wastani, inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde, hutumia megabaiti 450 kwa saa hiyohiyo. Mgonjwa anayefuata Misa ya saa moja na nusu kwa sauti peke yake atatumia megabaiti 43 hivi. Akiifuata kwa video atatumia 675. Iwapo bando ni dogo, sauti itamfikisha mwisho wa Misa, ilhali video huenda ikamkatikia kabla ya mahubiri.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata watu wasomi. Kampuni za simu hutangaza kasi kwa megabiti na kuuza bando kwa megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Hivyo kasi ya megabiti 10 kwa sekunde maana yake ni megabaiti 1 na robo kwa sekunde.

Bando hupotea pia bila mtu kutazama chochote. Kundi la WhatsApp la jumuiya, la kwaya na la ukoo, kila moja likituma video za salamu asubuhi, humaliza bando la mtu aliyelala. Fungua Mipangilio ya WhatsApp, uingie sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Katika duka la programu la simu, amuru masasisho yafanyike kwa waifai pekee. Hatua hizi mbili hazichukui dakika tano, na kwa kaya nyingi nilizozisaidia ndizo zilizookoa fedha nyingi kuliko kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine.

Kuchagua simu na kuikagua

Si kila mtu anahitaji simu janja. Mzee anayepiga simu, kupokea fedha za watoto na kusikiliza redio hutosheka na kitochi, ambacho chaji yake hukaa siku kadhaa. Kumnunulia simu ya kioo ili tu naye awe nayo ni kumtwisha mzigo wa chaja na nenosiri.

Kwa mwanafunzi au mfanyabiashara mdogo, vitu vinavyofaa kulipiwa ni RAM, hifadhi, mtandao wa 4G na betri. Kamera ije mwisho. RAM ya gigabaiti 2 inaiwezesha simu kufanya kazi, lakini kwa uvumilivu; gigabaiti 3 au 4 pamoja na hifadhi ya 64 huifanya idumu miaka kadhaa. Soma boksi kwa makini, kwa kuwa siku hizi hata kampuni zenye jina huandika kwa herufi kubwa «RAM 8» huku sehemu ndogo ya chini ikieleza kuwa ni 4 jumlisha 4. Nne za pili zimekopwa kutoka katika hifadhi, na hifadhi haina wepesi wa RAM halisi. Huo si utapeli kama ule wa simu ya barabarani, lakini anayelipa bei ya 8 anapata 4.

Uliza pia toleo la Android. Programu huacha kuhudumia matoleo ya zamani: mwezi Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android ya chini ya toleo la 5, na kiwango hicho kitaendelea kupanda. Simu ya bei ya kutupa iliyokaa dukani miaka sita huenda ikabakiza mwaka mmoja wa manufaa.

Kabla fedha haijatoka mfukoni, bonyeza *#06#. Kioo kitaonyesha namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye boksi. Kisha, kwa hapa Tanzania, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litataja kampuni na aina ya simu. Ikiwa jibu linataja simu nyingine tofauti na uliyoishika mkononi, irudishe kwa upole na uondoke. Usidhani kwamba simu bandia itakuvumilia: tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima nchini simu zote zenye IMEI zisizo halali, na waliokuwa wamezinunua kwa nia njema walibaki na vioo vitupu kama wengine.

Weka laini yako mwenyewe uone alama ya 4G ikitokea. Piga simu fupi, umsikie mtu na yeye akusikie. Piga picha, uifungue. Chomeka chaja iliyomo ndani ya boksi. Dai risiti yenye jina la duka na IMEI. Duka linalokataa kuandika IMEI kwenye risiti limekwisha kukujibu swali la dhamana.

Simu iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo, kwa sharti moja: aliyekuwa nayo aondoe akaunti yake ya Google na kuifuta simu mbele ya macho yako, kisha uiwashe upya hadi mwisho. Asipofanya hivyo, simu ikifutwa baadaye itadai nenosiri la mwenyewe wa kwanza, nawe hutaweza kuifungua. Asiyeweza kuondoa akaunti hiyo huenda hakuwa mwenye simu, na kununua mali ya wizi kunaweza kukufikisha polisi.

Simu za mkopo

Tuchukue mfano wa simu ambayo kwa fedha taslimu ni shilingi 250,000. Kwa mkopo unatanguliza 60,000, kisha unalipa 1,000 kila siku kwa mwaka mzima. Jumla ni 425,000. Umelipa 175,000 zaidi, na wakati wote huo simu ina programu inayoifunga mara rejesho linapochelewa. Shilingi elfu moja husikika ndogo kwa sababu hutajwa peke yake.

Sisemi kwamba mkopo ni mbaya nyakati zote. Bodaboda au muuza mboga anayeingiza fedha kila jioni anaweza kuubeba, hasa kama simu yenyewe inamletea wateja. Mkulima mapato yake huja kwa msimu, na rejesho huja kila siku, hata mwezi wa Februari ghala likiwa tupu. Kwake ni afadhali kukopa katika kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanakikundi wanaijua kalenda ya shamba. Yeyote atakayesaini, aulize kwanza mambo matatu: jumla yote ni kiasi gani, simu itafungwa baada ya siku ngapi, na ikiibwa nani ataendelea kulipa.

Intaneti ya nyumbani

Kaya ya mtumiaji mmoja au wawili haihitaji ruta. Simu moja nzuri inaweza kugawa intaneti kwa nyingine au kwa kompyuta kwa njia ya hotspoti, ingawa betri yake itakwisha mapema. Wakifika watumiaji watatu au zaidi kila siku, ruta ya laini huanza kujilipa. Na mahali ambapo faiba imefika, kwa kawaida mijini, faiba ndiyo tulivu kuliko zote. Megabiti 10 kwa sekunde zinaitosha familia ya watu watano wasiotazama sinema kila mmoja chumbani kwake. Ukiambiwa kifurushi «hakina kikomo», uliza ni baada ya gigabaiti ngapi kasi itashushwa. Swali hilo huwashtua mawakala wengi.

Ruta ya laini iwekwe dirishani, upande wa mnara. Ruta ya faiba iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na bati, friji na kuta za zege. Yenye masafa mawili, gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali, na 5 ni ya kasi zaidi kwa walio karibu. Nenosiri lililobandikwa chini ya ruta libadilishwe siku hiyohiyo, na lile la zamani lisibaki limeandikwa ukutani sebuleni. Ruta ya wati 10 ikiwashwa mwezi mzima hutumia yuniti 7 na kidogo za umeme. Kuizima usiku kunaokoa umeme kiasi, na kwa wazazi wenye vijana kunaokoa usingizi.

Hakuna mpango wa nyumbani unaozuia kila hitilafu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora katika Afrika Mashariki, kwa wenye faiba na wenye bando vilevile. Mwanafunzi ahifadhi ndani ya simu masomo anayoyahitaji kwa mitihani, angali na mtandao.

Baada ya kununua, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ukaifunge kwa kampuni husika. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, utume kwenda 15040. Na siku utakapoigawa simu ya zamani kwa mtoto au jirani, toa laini, ondoa akaunti yako ya Google, kisha uifute yote kutoka katika Mipangilio.