Jina la Ndoo na Jina la Kikombe

Mwanadamu hupenda jina lake liandikwe. Lakini liandikwe wapi, na kwa ajili gani? Hebu, ndugu msomaji, tutazame vyombo viwili vya kale ambavyo wakusanyaji wa Marekani huvitafuta hadi leo.

Cha kwanza ni ndoo ya ngozi. Mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake waliunda katika mji wa Philadelphia chama cha kuzima moto, Union Fire Company. Hakuna aliyelipwa. Kila mmoja alitakiwa awe na ndoo zake za ngozi, pamoja na mifuko na vikapu vya kuokolea mali. Asiyehudhuria mkutano alitozwa faini, na kwa fedha hizo zikanunuliwa ngazi na mitambo ya kurushia maji. Ndoo za zama hizo ziliandikwa jina la mwenyewe kwa rangi. Kwa nini? Kwa kuwa usiku wa moto zilipita mkono kwa mkono katika safu ya watu, na moto ukishazimwa kila ndoo irejee kwao.

Cha pili ni kikombe cha kunyolea. Tangu miaka ya 1870 hadi 1920 hivi, wanaume wengi wa huko waliweka kwa kinyozi vikombe vyao vya kaure, iliyotoka Ufaransa au Ujerumani. Jina liliandikwa kwa dhahabu, na wengine walichorewa kazi zao: mchinjaji na ng'ombe wake, mzimamoto na mtambo wake wa mvuke ukikokotwa na farasi. Watu walichelea maradhi ya ngozi. Basi jina hilo lilikuwa la kumzuia mwingine asikitumie. Si vibaya, usafi ni jambo jema. Kisha mashine ya kunyolea ya Gillette, iliyoanza kuuzwa mwaka 1903, ikawazoesha watu kujinyoa nyumbani, na vikombe vikabaki pambo.

Leo kikombe chenye picha ya kuzima moto hupata bei kubwa kuliko chenye jina na maua tu. Mwenye jina hajulikani tena. Kinachotamaniwa ni kazi aliyoifanya. Na kazi yenyewe haikufa: hata sasa wazimamoto wengi wa Marekani ni watu wa kujitolea.

Wahenga walisema: mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Naam, lakini mwenzio akiunguliwa, maji hayo mpelekee yeye kwanza.