Mlango wa Kutokea: Ushawishi wa Kidini na Gharama Zake kwenye Ufuo wa Ziwa Mweru

Kila balaa la kidini linapotokea Afrika Mashariki, maelezo ya kwanza huwa kwamba watu walipumbazwa. Ilisemwa hivyo baada ya vifo vya waumini huko Kanungu, Uganda, mwaka 2000, ikasemwa tena baada ya vile vya Shakahola, Kenya, mwaka 2023. Ni maelezo yenye faraja, maana huwaweka marehemu upande mmoja, nasi tulio hai na akili zetu upande mwingine. Nayapinga. Historia ya ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi bonde la Luapula lililo kusini yake, inaonyesha kwamba ushawishi wa kidini hushika pale mtu anapokuwa na shida ya kweli na sababu ya kweli ya kusikiliza. Kwa hiyo uadilifu wake haupimwi kwa ukali wa mahubiri. Unapimwa kwa gharama ya kutoka, na kwa kumtazama anayeilipa.

Ufuo huu una watu wengi waliotoka kwingine. Kambi za uvuvi hujaa na kupungua kwa kufuata samaki. Wachuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa hili, huja na kuondoka. Tangu 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Hali hiyo si ngeni. Mtawala Msiri alipouawa Bunkeya, Katanga, mwezi Desemba 1891 na dola yake ikavunjika, Dan Crawford, mmisionari wa Plymouth Brethren, alihamia ziwani na kujenga kituo cha Luanza upande wa Kongo. Waliomkusanyikia walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliokatwa na koo zao: waliokuwa watumwa, wakimbizi, mabaki ya dola iliyoanguka. Injili iliwafikia pamoja na nyumba, shamba na ulinzi. Ni uonevu kusema walinunuliwa. Lakini pia si kweli kwamba walishawishiwa na mafundisho peke yake.

Upande wa Zambia, huko Mbereshi, London Missionary Society walikuwa wamefika mwaka 1900. Mabel Shaw alipowasili mwaka 1915 na kuanzisha shule ya bweni ya wasichana, aliipanga kwa mfano wa kijiji: wakubwa wakawa mama wa wadogo katika nyumba zao, na Kristo akawa chifu wao wote. Ni mbinu ya ushawishi yenye kina, kwani haikumwomba msichana auache ulimwengu wake. Ilimpa ulimwengu uleule wenye mtawala mpya. Shaw aliamini kwa dhati kwamba hivyo ndivyo imani inavyopaswa kuota, nami namheshimu kwa hilo. Hata hivyo, anayekujengea ujamaa mpya ana uwezo juu yako ambao mhubiri wa sokoni hana.

Utafiti wa baadaye ulifika hapohapo kwa njia nyingine. John Lofland na Rodney Stark, waliowafuatilia wafuasi wa mwanzo wa kanisa la Sun Myung Moon huko California, waliandika mwaka 1965 kwamba aliyejiunga alikuwa yule ambaye urafiki wake na waumini ulikuwa umezidi uhusiano wake na watu wa nje. Eileen Barker, katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliwachunguza zaidi ya watu 1,000 waliohudhuria semina za kanisa hilo mjini London mwaka 1979, na takriban tisa kati ya kila kumi hawakujiunga. Mbinu isiyoweza kupingwa haikuonekana hata kwa kundi lililoshutumiwa duniani kote kwa kuosha watu ubongo.

Ipo mbinu moja, hata hivyo, ambayo eneo hili liliijua kwa uchungu kabla ya wanasaikolojia kuandika juu yake: tendo la hadharani ambalo kutoshiriki kwake kunakuwa ni kukiri. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, mhubiri wa Watch Tower kutoka Nyasaland aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, alibatiza vijiji vizima vya Walala, katika Zambia ya leo. Ambaye mwili wake haukuzama sawasawa majini alitangazwa mchawi, na wengi waliuawa, hapo na kisha upande wa Katanga. Serikali ya kikoloni ilimnyonga mwaka 1926. Miaka michache baadaye, 1933 na 1934, Bamucapi, wasaka wachawi, walipita katika nchi ya Wabemba wakiwa na vioo na dawa ya kunywa. Mwanaanthropolojia Audrey Richards alieleza jinsi wanakijiji walivyopangwa mstari, wakatazamwa katika kioo, wakasalimisha hirizi zao. Bamucapi hawakuua mtu. Lakini katika matukio yote mawili mwanakijiji hakuulizwa anaamini nini. Aliulizwa mbele ya jirani zake kama ana la kuficha. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema hapana, hata kama hakuna aliyemshika mkono.

Sisemi kwamba mkutano wa injili wa leo, wenye vipaza sauti na mwaliko wa kuja mbele, ni sawa na ubatizo wa Nyirenda. Tofauti ni kubwa: anayebaki kitini Kashikishi hurudi nyumbani salama. Lakini mahali ambapo ugonjwa na hasara hufasiriwa kuwa kazi ya adui aliye ndani ya familia, swali la kale hurudi, na bibi mzee asiyekuja kwenye maombi ya kufunguliwa ndiye wa kwanza kutazamwa. Wilaya ya Nchelenge ni miongoni mwa zile zinazoelemewa zaidi na malaria nchini. Homa ya mtoto haimsubiri mtafiti. Mhubiri anayeombea homa hiyo anafariji. Anayetaja jina la shangazi ameshavuka mpaka.

Mbinu nyingine ni za polepole. Ushuhuda humfundisha mtu kuyasimulia maisha yake upya: giza la zamani, siku ya wokovu, nuru ya sasa. Akishausimulia mara kadhaa mbele ya watu, kuukana ni kujikana. Sadaka ndogo ya «mbegu» huandaa kubwa zaidi. Jonathan Freedman na Scott Fraser walionyesha mwaka 1966 kwamba aliyekubali ombi dogo hulikubali kubwa kwa urahisi zaidi. Na ziwani uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Nyumba nyingi wakati huo huishi kwa mihogo na madeni. Ahadi ya baraka kwa anayetoa, ikihubiriwa Januari, inamkuta mtu asiye na namna nyingine ya kusubiri.

Kisa chenye mafunzo mengi kuliko vyote ni cha Mashahidi wa Yehova, ambao mizizi yao Zambia ni mirefu kuliko uhuru wa nchi. Mapainia wao, yaani wahubiri wa wakati wote, hutembea wawiliwawili, hurudi kwa aliyewasikiliza, huanzisha funzo la Biblia nyumbani kwake. Hakuna kelele. Karla Poewe, aliyefanya utafiti Luapula katika miaka ya 1970, aliona kwa nini ujumbe wao na wa Waadventista uliwagusa hasa wenye mashua, maduka na mashamba ya kuuza. Luapula ukoo hufuata upande wa mama, na mali ya mwanamume ina wadai wengi: dada zake, wapwa wake, wajomba. Dini iliyomwambia kwamba jamaa yake mbele ya Mungu ni mke na watoto ilimpa ruhusa takatifu ya kufanya alichokuwa tayari anatamani. Hapakuwa na udanganyifu wowote. Lakini gharama ilihamia kwa mpwa aliyekuwa akitegemea nyavu za mjomba wake, naye hakuwahi kuongolewa wala kuulizwa. Fasihi ya saikolojia, kwa kumkodolea macho mwongofu, mara nyingi humsahau mtu huyo.

Wakati mwingine serikali ndiyo hufunga mlango wa kutokea. Baada ya uhuru, watoto wa Mashahidi walifukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa na kutosalimu bendera. Mahakama Kuu iliidhinisha hatua hiyo mwaka 1967 katika kesi ya Kachasu. Kufikia mwisho wa muongo huo nyumba zao na Majumba ya Ufalme yalikuwa yakichomwa. Kijana aliyekuwa na shaka na mafundisho angekwenda wapi? Wa nje walikuwa wamemthibitishia kwamba ulimwengu ni adui, kama alivyofundishwa.

Ndiyo maana nina mashaka na dawa zinazopendekezwa baada ya kila msiba. Rwanda iliamua mwaka 2018 kwamba wahubiri wawe na shahada ya theolojia. Lakini Dominic Kataribabo, mmoja wa viongozi wa Kanungu, alikuwa padre aliyesoma hadi Marekani. Zambia iliunda wizara ya mwongozo wa taifa na dini mwaka 2016, ikaivunja mwaka 2021. Kilichowafunga watu Kanungu kilionekana mapema bila kuhitaji mtaalamu wa mafundisho: mali iliuzwa, mazungumzo yalizuiwa, watoto walitengwa na ndugu. Shakahola palikuwa na watoto walioondolewa shule na familia zilizohamia msituni, mbali na jamaa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa.

Haya ni mambo yanayoweza kuulizwa Nchelenge leo bila kugusa uhuru wa mtu kuabudu. Je, mashua au nyavu zilizotolewa sadaka zimeandikwa, na mwenzi wa aliyetoa alikubali? Mtoto anaruhusiwa kumtembelea mjomba asiye wa kanisa? Aliyeacha kusali hapo bado anakopeshwa na kusalimiwa, au ndugu zake wameagizwa wamwepuke? Swali hili la mwisho linawahusu Mashahidi na utaratibu wao wa kumtenga aliyeondoka, na linayahusu vilevile makanisa ya kambini ambako mchungaji, mkopeshaji na mwenye mashua huweza kuwa mtu mmoja. Watafiti wetu wamewahoji waongofu kwa miaka mingi. Waliotoka, na jamaa waliobaki nje wakaachiwa gharama, wanastahili kuhojiwa kwanza.